Sura ya Saba: Kinachokatika Kwanza

Winchi ya umeme ikielemewa utaisikia. Mota inapungua kasi, nyaya za betri zinapata moto, na mwisho wake inasimama yenyewe au fyuzi inaungua. Winchi inayozungushwa na injini kupitia PTO, yaani shafti inayotoa nguvu ya injini kuzungushia mashine nyingine, haina kikomo cha namna hiyo, kwa sababu nyuma yake kuna injini nzima. Chukua injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70: inatoa takriban Nm 280, na giaboksi ikiwa gia ya kwanza nguvu hiyo huzidishwa zaidi ya mara nne. Winchi yenyewe, kama tutakavyoona kwa hesabu, inahitaji chini ya Nm 150 kwenye shafti yake ili ivute mzigo wake wote halali. Zinazobaki ni nguvu za kuharibu.

Gari likiwa limezama hadi ekseli kwenye udongo mweusi wa mbugani, waya umefungwa kwenye mti usiong'oka, na dereva bado anakanyaga mafuta, lazima kitu kiachie. Unaweza kukatika waya, na waya wa chuma unaokatika ukiwa umebeba tani sita hurudi kwa kasi ya kutosha kumuua mtu. Yanaweza kunyolewa meno ya gia. Inaweza kupasuka nyumba ya winchi, au kupinda chasisi pale winchi ilipofungwa. Pini ya kukatika imewekwa ili wewe ndiye uamue, ukiwa umetulia na vipimo mkononi, ni kitu gani kitakatika kwanza. Kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, cha bei ya soda, ndicho kinachotolewa kafara ili vingine vyote vipone.

Jambo hili ni la zamani. Land Rover ilipooneshwa hadharani mara ya kwanza, Amsterdam, Aprili 1948, ilikuwa imeundwa tangu mwanzo kuweza kuzungusha mashine nyingine kwa PTO. Baadaye ikaja ile winchi ya mbele ya Fairey yenye dramu iliyosimama wima, inayozungushwa moja kwa moja na kombo ya injini, na njiani kati ya kombo na winchi ikawekwa pini. Malori ya jeshi la Marekani ya familia ya M35, yenye winchi ya pauni 10,000 mbele, yalitumia pini ya aloi ya alumini. Land Cruiser zilizotoka kiwandani na winchi ya PTO, ambazo bado zinafanya kazi kwenye hifadhi, misheni na miradi ya vijijini Afrika Mashariki na Kongo, nazo zina pini ya kukatika kwenye yoki ya propela fupi inayopita kando ya injini kwenda mbele.

Mahali inapokaa pini pana maana kubwa. Iko upande wa injini, kabla ya gia ya skrubu ya winchi, na kwa makusudi haikuwekwa baada yake. Gia ya skrubu ina tabia moja nzuri: skrubu huzungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kwa urahisi kuizungusha skrubu. Pini ikikatika, injini inaendelea kuzunguka bure na mzigo unabaki umeshikwa na gia. Baadhi ya winchi, zikiwemo hizo za jeshi, zina pia breki kwenye shafti ya skrubu kwa ajili ya sekunde hiyo hiyo. Fundi akikushauri uhamishie pini kwenye dramu kwa sababu "ni rahisi kuifikia", mkatalie. Pini ya kwenye dramu ikikatika gari linarudi lilikotoka, pamoja na aliyesimama nyuma yake.

Kama pini ya kiwandani inapatikana, nunua hiyo na sehemu kubwa ya sura hii haikuhusu. Tatizo ni kwamba magari yetu mengi yana miaka thelathini na zaidi, yamepita mikono mitano, na kilichomo ndani ya tundu la yoki ni chochote alichokuwa nacho mtu wa mwisho aliyekwama. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukaomba pini ya winchi, mara nyingi utaulizwa swali moja tu: tundu ni la ngapi? Utapimiwa bolti inayoingia vizuri. Ukirudi kulalamika kwamba ilikatika, utapewa ngumu zaidi, na fundi atakwambia kwa nia njema kabisa, "Mzee, hii haikatiki tena."

Hapo ndipo panapokosewa. Pini huchaguliwa kuanzia kwenye waya kurudi nyuma. Tundu linakwambia unene tu. Halijui waya wako unabeba nini.

Tufanye hesabu moja kamili, kwa winchi ya mfano, kisha utaweka vipimo vya kwako. Winchi imeandikwa tani 3.6. Dramu pamoja na waya wa tabaka la kwanza ina nusu kipenyo cha mm 45. Gia ina uwiano wa 30 kwa 1. Huo huhitaji kitabu kuujua: zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, hesabu mizunguko mpaka dramu imalize mmoja. Gia za skrubu hupoteza nguvu nyingi kwa msuguano, kwa hiyo tuseme asilimia 40 tu ya nguvu inayoingia ndiyo inayofika kwenye dramu. Tani 3.6 ni kama nyutoni 35,600. Zidisha kwa mita 0.045, unapata Nm 1,600 kwenye dramu. Gawanya kwa 30, kisha kwa 0.4, unafika kwenye shafti ya kuingilia na takriban Nm 134. Hicho ndicho kiasi ambacho pini lazima ikistahimili siku zote bila kulalamika.

Sasa upande wa juu. Waya wa chuma wa mm 10 wenye kiini cha chuma, ukiwa mpya, hukatika karibu na tani 6. Ukiwa na kutu, ukiwa umewahi kujikunja kama sikio, ukiwa na nyuzi zilizochomoza, ni pungufu, na hakuna anayeweza kukwambia pungufu kiasi gani kwa kuuangalia. Kwa hiyo pini yako ina nafasi kati ya tani 3.6 na tani 6, na busara ni kulenga sehemu ya chini ya nafasi hiyo. Mimi hulenga robo juu ya mzigo halali, yaani takriban tani 4.5 kwenye waya, au Nm 167 kwenye shafti.

Pini ipitayo katikati ya shafti hukatwa sehemu mbili kwa pamoja, kila upande mmoja, na kila sehemu iko umbali wa nusu kipenyo cha shafti kutoka katikati. Ndiyo maana hesabu yake ni nyepesi: eneo la duara la pini, mara nguvu ya chuma hicho dhidi ya kukatwa, mara kipenyo kizima cha shafti. Nguvu dhidi ya kukatwa, kwa chuma, ni kama asilimia 60 ya nguvu dhidi ya kuvutwa. Chuma laini cha daraja la 4.6 huvutika mpaka MPa 400, kwa hiyo hukatwa kwenye 240. Pini ya mm 6 ina eneo la milimita za mraba 28.3. Shafti ni ya mm 25. Zidisha: Nm 170. Pini ya mm 6 ya chuma laini inaingia pale pale tulipolenga, na waya utakuwa umebeba tani 4.6 wakati inakatika.

Weka bolti ya 8.8 yenye unene ule ule. Kwa macho ni pacha wake. Nguvu yake ni MPa 800, kwa hiyo itakatika kwenye Nm 340, ambazo kwenye waya ni tani 9.2. Waya ulishakatika kwenye tani 6. Pini hiyo kweli haikatiki tena, kama alivyoahidi fundi. Na 8.8 ndiyo bolti iliyojaa madukani, kwa sababu ndiyo inayotakiwa na kila kitu kingine kwenye gari. Tarakimu hizo zimepigwa juu ya kichwa. Zisome kabla ya kulipa. Kwenye bolti za Kimarekani, mistari mitatu kichwani ni ngumu kuliko unavyohitaji, na mistari sita ni ngumu zaidi. Kichwa kisicho na alama huwa ni chuma laini, lakini kisicho na alama kinaweza pia kuwa chochote, kwa hiyo kijaribu. Kibane kwenye jiliwa na ukipige tupa: chuma laini kinalika kirahisi na tupa inashika, kigumu kinateleza na kulia. Kisha kigonge nyundo. Laini hupinda na kubaki kimepinda.

Msumari nao uzungumzwe kwa heshima, maana umewatoa watu wengi porini. Msumari wa inchi sita una unene wa karibu mm 6, unaingia bila taabu, na kila mtu anaamini ni chuma laini. Lakini waya wa misumari huvutwa ukiwa baridi, na uvutaji huo huupa ugumu. Nguvu yake inaweza kupita ya bolti ya 4.6 kwa nusu au zaidi. Utakufikisha nyumbani ukivuta kwa upole. Usiuache humo. Ufunguo wa aleni, shina la keekee na kipande cha springi visikaribie kabisa, na kuchomelea yoki kwenye shafti kwa welding ni kuiua winchi ya watu. Bolti za stenilesi, zinazopendwa Pwani kwa kutopata kutu, nyingi ni za A2-70: MPa 700, yaani waya utakatika kabla yake.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ikiwa adui wa kila siku, shaba njano ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani. Fimbo ya shaba ya kuchongea kwenye mashine hukatwa kwenye MPa 230 hivi, karibu sawa na chuma laini, haigandi tunduni, na hukatika kwa ukingo safi. Alumini inataka uangalifu zaidi, kwa sababu jina hilo moja linafunika vitu vilivyo mbali mno. Aloi ya 6061 iliyokazwa kwa joto hukatwa kwenye MPa 207, na pini yake ya mm 6 ingeachia winchi yetu kwenye tani 4, kazi nzuri kabisa. Alumini laini tupu haifiki theluthi ya hiyo. Itakatika kabla gari halijatikisika, na wewe utaapa kwamba alumini haifai.

Jihadhari na unene, maana nguvu hufuata mraba wake. Tundu la mm 6 likitanuliwa kwa drili mpaka 8 kwa sababu limechakaa, pini ya chuma kile kile inakuwa na nguvu mara 1.8 na waya unabebeshwa tani 8. Ukiikuta winchi imeshafanyiwa hivyo, una njia mbili. Tia bushi za chuma kwenye yoki na shafti, urudi kwenye 6. Au mpelekee mtu wa mashine ya kukereza akukatie pini ya mm 8 yenye mifereji miwili inayoizunguka, kila mmoja ukiwa umeshuka hadi mm 6, pale pale yoki inapokutana na shafti. Mfereji ukikosea mahali kwa milimita mbili, haufanyi kazi yoyote.

Kuna kosa jingine dogo linalojirudia kila mahali: bolti iliyochongwa nyuzi mwili mzima. Sehemu yenye nyuzi ya bolti ya mm 6 ina eneo la milimita za mraba 20 tu badala ya 28, kwa hiyo hesabu yako yote inashuka kwa karibu asilimia 30. Mbaya zaidi, nyuzi zinakwangua tundu kama tupa kila winchi inapofanya kazi. Tafuta bolti ndefu yenye shingo laini, kata ziada, na uhakikishe nyuzi zinaanzia nje ya yoki. Nati isikazwe, iguse tu, kisha funga kotapini. Bolti iliyokazwa inaibana yoki kwenye shafti, na msuguano huo unabeba mzigo usiouhesabu.

Msuguano ndio unaonitia wasiwasi kuliko hata 8.8. Pini inaweza kuwa ya daraja sahihi na unene sahihi, ikakatika kwenye kipimo sahihi, na winchi ikaendelea kuvuta. Sababu ni kutu. Yoki iliyokaa miaka kumi juu ya shafti bila grisi imeshikana nayo kama iliyochomelewa, na pini imekuwa pambo. Jaribio ni rahisi, na sijui kwa nini halifanywi kwenye kila sevisi: zima injini, chomoa pini, shika yoki kwa mkono uizungushe juu ya shafti. Inapaswa kuzunguka kwa kidole. Kama inakataa, itie mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, ivue, sugua shafti kwa msasa mpaka ing'ae, paka grisi, urudishe. Huko ndani unaweza pia kuona kama matundu yamekuwa na umbo la yai. Tundu la umbo hilo huiruhusu pini kupinda kabla ya kukatika, na pini iliyopinda hujikaba kati ya yoki na shafti.

Pini iliyokatika usiitupe kabla ya kuitazama. Vipande vitakuwa vitatu, cha katikati kimebaki ndani ya shafti. Kitoe kwa panchi na nyundo ndogo, kipanguse, kilete kwenye mwanga. Uso wa mkato ukiwa tambarare, unang'aa sawasawa, na ukingo mmoja umevutika kidogo upande mmoja, pini imezidiwa mara moja na kazi yake imeifanya. Ukiona nusu ya uso ni nyeusi au ina rangi ya kutu na nusu ni mpya, ufa ulikuwepo tangu safari zilizopita na ulikuwa unakua. Pini ilichoka, mzigo haukuwa mkubwa. Na ukipitisha ukucha kwenye pini ambayo bado haijakatika, ukahisi ngazi mbili ndogo pale yoki inapouma, hiyo imeshaanza kukatwa. Ibadili nyumbani, kabla ya masika.

Zinazokatika bila sababu mara nyingi sababu yake ni mguu wa kushoto. Klachi ikiachiwa ghafla waya ukiwa umelegea, dramu inazunguka bure robo mzunguko kisha inagonga mzigo, na pigo hilo huzidi mara nyingi uzito halisi wa gari. Nyoosha waya taratibu mpaka uingie mkazo, simama, kagua, ndipo uvute kwa mwendo mdogo wa injini. Dereva akishajifunza hilo, pini moja inadumu misimu.

Kuna hali moja ambayo pini hukatika kihalali, tena na tena, ingawa kila kitu kiko sawa. Tope zito hunyonya. Gari la tani tatu na mzigo wake, likiwa limekalia tumbo, linaweza kudai mvuto mkubwa kuliko uzito wake lenyewe. Wakati huo dramu ikiwa imejaa waya mambo ni mabaya zaidi: kwenye tabaka la nne la winchi yetu nusu kipenyo kimefika kama mm 75, na pini ile ile inayoachia kwenye tani 4.6 tabaka la kwanza sasa inaachia kwenye 2.8. Watu wengi huamua wakiwa hapo hapo, matope magotini, kwamba pini ni dhaifu. Toa waya zaidi. Funga kwenye mti wa mbali, ubakishe mizunguko mitano tu kwenye dramu, na umeongeza nguvu kwa zaidi ya nusu bila kugusa spana.

Isipotosha, chukua sepetu ufungue njia mbele ya magurudumu, kisha funga kapi. Waya ukienda mpaka kwenye kapi ya mtini na kurudi kwenye ndoano ya gari lako, gari linavutwa na nyuzi mbili kwa pini ile ile, kwa nusu ya mwendo. Kumbuka tu kwamba mkanda wa mti na shako ya kapi hubeba nyuzi zote mbili. Pini yetu ikikaribia kuachia kwenye tani 4.6, shako inabeba zaidi ya tani 9, na ile shako ndogo iliyopigwa chapa 4.75T, inayouzwa pamoja na mikanda mingi, haikukusudiwa kazi hiyo. Tafuta yenye chapa 9.5T au zaidi, na mkanda ulioandikwa uwezo unaolingana nayo. Pini za akiba ziwe sita, za chuma kile kile kutoka fimbo ile ile, zimepakwa grisi, zimefungwa kwenye mpira wa tairi la ndani, na zikae mahali pamoja na panchi, nyundo na kotapini, ambapo mtu anaweza kuzifikia bila kushusha mizigo.